Kulala na Mtu, Kumwaza Mwingine

Kama riwaya za mauaji zinakutisha kwa damu, jaribu Holding ya Graham Norton (2016). Tuko Duneen, kijiji cha kubuni huko Cork, pwani ya kusini ya Ireland. Mafundi wanachimba shamba, wanafukua mifupa ya mtu. Kijiji kizima kinamtaja Tommy Burke, aliyetoweka zaidi ya miaka 20 nyuma akiacha wanawake wawili wanaomgombania.

Sajenti PJ Collins, bonge mpole, anapeleleza. Mimi nilinasa kwa Brid: ana mume, ana watoto, anakunywa mvinyo kupita kiasi, na moyo bado uko kwa Tommy. Jamani, huyo mume! Nilimwonea huruma kuliko marehemu. Muuaji simtaji ng'o.