Wastaafu wafuatwe kwenye simu zao

Mgonjwa aliyepooza hugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi, la sivyo anaota vidonda mgongoni na visiginoni. Muuguzi aliyekaa wodini miaka 30 haambiwi hilo. Anaikunja shuka, anaipitisha chini ya kiuno, anamwita mwenzake ashike upande wa pili, na mzee anageuka bila kuumia. Binti wa miaka 17 aliyeletwa kutoka kijijini kufanya kazi za ndani hayajui hayo, wala hakuna aliyemfundisha. Ndiye tunayemwachia baba zetu tunapokwenda kazini.

Muuguzi yule yuko mtaa wa pili, amestaafu. Mtumishi wa umma Tanzania huondoka kazini kwa lazima akifika miaka 60, na kwa hiari akifika 55. Wengi wao bado wana nguvu, wana watoto shuleni, na kiinua mgongo kimeishia kwenye nyumba ambayo haijapauliwa.

Mstaafu huyu na mzee anayemhitaji hawakutani kwa sababu matangazo ya kazi yanamfukuza mstaafu kabla hajamaliza kusoma. "Umri usiozidi miaka 45" ndilo sharti lililozoeleka la ajira mpya serikalini, na wako waajiri binafsi wanaoshuka hadi 35. Kwa kazi ya kulea wagonjwa na wazee, sharti hilo halina maana.

Mstaafu wa leo yuko WhatsApp. Yuko kwenye kundi la kwaya, la msikiti, la waliosoma chuo pamoja, la msiba wa mwaka juzi ambalo hakuna aliyelifunga. Tangazo liende huko, tena kwa sauti: dakika moja tu, mtu anayefahamika ataje kituo cha kulea wazee kilipo, zamu za nusu siku, malipo kwa shilingi, na kwamba hakuna atakayemwinua mgonjwa peke yake. Bango lenye maandishi madogo halimfikii mtu wa miaka 62.

Wastaafu wanaogopa, na wana haki. Pensheni ikishatoka, matapeli hawawaachi wapumue. Basi waajiri waseme wazi kwamba hawachukui hata senti, iwe ada ya fomu au ya usajili, na waweke anwani ambayo mtu anaweza kwenda kubisha hodi. Nawe msomaji, kazi inayokutaka utume hela kwanza usiisambaze kwenye kundi lako. Ni wizi.

Tutaambiwa tunawanyang'anya vijana ajira. Hapana. Mstaafu akipewa zamu ya asubuhi na kijana akasimama upande wa pili wa kitanda, kijana anaondoka na ujuzi ambao hakupata pengine. Sensa ya 2022 ilihesabu wazee zaidi ya milioni 3 nchini. Kazi ipo ya kutosha wote.

Tunaiomba Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum ianze na makazi yake yenyewe ya wazee, kama Nunge kule Kigamboni na Fungafunga mjini Morogoro. Baraza la Uuguzi na Ukunga nalo liwarahisishie wastaafu kuhuisha leseni zao. Na tangazo la kwanza litakalotoka, mstari wa umri ufutwe.