Aliyenunua Bakuli Hakuwa Mwombaji

Jumapili iliyopita, katika kanisa moja la hapa katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, mhubiri ambaye kwa mambo mengine namheshimu alinyoosha mkono upande wa Lilongwe, akalitaja jengo la Bunge na uwanja wa Bingu, vilivyojengwa na Wachina baada ya Malawi kuiacha Taiwan na kufuata Beijing mwishoni mwa mwaka 2007, kisha akanena kwamba tangu kale Mwafrika hajapata kuweka jiwe juu ya jiwe ila kwa hisani ya mgeni, na kwamba hata miji ya pwani ilifunzwa ustaarabu na merikebu za China. Waumini wakaitikia amina. Mimi sikuitikia, na ghadhabu niliyotoka nayo kanisani haijanipoa.

Amiri wa bahari wa China, Zheng He, alisafiri baina ya mwaka 1405 na 1433, na twiga wa Malindi alifikishwa mbele ya mfalme wa Ming mwaka 1415. Lakini Shanga, katika kisiwa cha Pate, palikuwa na msikiti mdogo wa miti tangu karne ya 8. Kilwa ilikuwa ikipiga sarafu zake za shaba. Na Ibn Battuta alipotia nanga huko mwaka 1331, akausifu mji kwa uzuri wake, Zheng He alikuwa hajazaliwa. Ni mwalimu gani huyo afikaye baada ya mwanafunzi kuhitimu?

Huja hapo hoja ya mabakuli: kwamba vyombo vya China vimejaa katika magofu, na vingine vilipachikwa hata katika nguzo za makaburi ya Kunduchi na Mambrui. Naam, vimejaa! Bakuli lile halikuja kwa sadaka. Lilinunuliwa kwa pembe za ndovu na dhahabu ya Sofala, likapita mikononi mwa wafanyabiashara wa Ghuba na Bara Hindi, na aliyelinunua alikuwa tajiri mwenye nyumba ya matumbawe na chokaa iliyochomwa na mafundi wa mji wake, mwenye ukuta wa kulipachika. Mnunuzi si mwanafunzi wa muuzaji. Mama auzaye maandazi sokoni hapa kambini ana simu iliyoundwa China, wala hapana mwenye akili atakayedai kwamba kukanda unga alifundishwa Shenzhen.

Kijana mmoja alinifuata nje akaniambia kwamba Pate wapo watu wa nasaba ya mabaharia wa Kichina, na kwamba mwaka 2005 msichana wa huko alipelekwa China kusoma kwa sababu hiyo. Na iwe kweli! Mabaharia waliovunjikiwa na chombo, wakaopolewa majini, wakalishwa, wakavikwa, wakaozwa wake: hao ndio waliomstaarabisha aliyewaokoa?

Dhana hii kwamba Mwafrika hajajenga kitu ina madhara. Wakimbizi waliokuwa wamefungua maduka Lilongwe waliamriwa mwaka 2023 warudi Dzaleka, mahali palipokuwa gereza, pakafanywa kambi mwaka 1994 kwa watu elfu kumi hivi, na leo pana zaidi ya elfu hamsini. Na mtu aliyekwisha kuaminishwa kwamba jadi yake haikujenga kitu hata duka lake likifungwa huona ni kadari, ilhali nyumba anayolala aliifyatulia matofali kwa mikono yake, akayaanika juani, akayapanga mwenyewe.

Wala tusidhani kwamba fahari hii ni ya pwani peke yake. Kandokando ya Maziwa Makuu chuma kiliyeyushwa kabla ya kuzaliwa Masihi. Katika hifadhi ya Kasungu ng'anjo za kale zingali zimesimama. Na Sanga, kwenye ziwa Kisale huko Katanga, makaburi yenye umri wa miaka elfu na zaidi yamefukuliwa yakiwa na mikufu ya shaba, silaha za chuma, na vyungu vilivyofinyangwa kwa ustadi wa ajabu. Nimewauliza vijana wa Katanga wasomao hapa kambini kuhusu Sanga. Hakuna aliyepata kulisikia jina hilo, na mwalimu wao akanijibu kwamba halimo katika vitabu alivyopewa.