Taa ya injini si ya kuzibwa!

Wadau, wiki iliyopita nilipanda Hiace ya dizeli kutoka Moshi kwenda Marangu, nikakaa mbele. Kwenye dashibodi pamebandikwa tepu nyeusi. "Kaka, hapo pana nini?" Dereva akacheka: "Taa ya injini, dogo. Inawaka, inazima. Fundi kasema inasumbua tu, tuizibe."

Jamani! Mgonjwa analalamika, daktari anamziba mdomo?

Taa inayowaka na kuzima haina wazimu, ina sababu. Ikiwaka kwenye makorongo, shuku waya uliochubuka au soketi iliyolegea. Ile ya filta ya dizeli ikiwaka mlimani tu, huenda maji yamejikusanya chini ya filta. Gari likiinama yanasogea na kuinua boya la swichi. Kuyamwaga ni kazi ya dakika chache. Ukiyaacha yanakula pampu na nozeli, na bei ya nozeli mnaijua.

Kinachonikera zaidi ni fundi anayeanza kwa kuchomoa betri. Kompyuta ya gari huhifadhi namba ya hitilafu hata taa ikizimika. Kwa magari mengi, ukichomoa betri umefuta ushahidi! Kisha leo anakununulisha sensa hii, kesho ile, anabahatisha kwa pesa yako.

Madereva, andikeni taa iliwaka lini na wapi. Mafundi, someni namba kwanza, kagueni waya, ndipo mtaje kipuri. Na hiyo tepu bandueni. Tumo humo ndani na watoto wetu!