Kitonge cha Pasaka na Kakao ya Njonjo

Tumeambiwa tuache. Tumeambiwa kwamba shule ya Jumapili si jiko, kwamba vitonge vya chokoleti ni mambo ya Wazungu, na kwamba mtoto akishalamba vidole vyake asubuhi ya Pasaka hatalikumbuka tena kaburi lililokutwa wazi. Waliosema hivyo ni wazee wetu wa kanisa, na tumewasikiliza kwa heshima. Lakini sisi akina mama na walimu wa shule ya Jumapili huku Kyela hatukubaliani nao, na tunaona afadhali tuandike kuliko kunong'onezana nje ya kanisa baada ya ibada. Tuseme mapema pia kwamba ugomvi wetu mkubwa si na wazee. Uko mbele kidogo.

Kitonge chenyewe ni kitu cha kawaida. Unatwanga pakiti 10 za biskuti za glukosi kwenye kinu mpaka ziwe unga, unachanganya na robo kilo ya karanga zilizokaangwa na kusagwa, kisha unamimina kopo moja la maziwa mazito kidogo kidogo mpaka mchanganyiko ushikane. Hapo unafinyanga kwa viganja, kama mtu afinyangavyo tonge la ugali, ila dogo, la kuingia kinywani mara moja. Vinatoka zaidi ya 50. Hakuna kuoka, na ndiyo maana watoto wa miaka 7 wanaweza kufanya kazi yote isipokuwa ile ya moto. Vikishakaza, kila kimoja kinachovywa kwenye chokoleti iliyoyeyushwa na kuwekwa juu ya jani la mgomba.

Kazi ya moto ni chokoleti, na hapo ndipo Kyela inapoingia. Hatununui. Tunachukua mbegu za kakao zilizovundikwa siku 5 hadi 7 na kuanikwa mpaka zikauke, tunazikaanga kwenye chungu kwa moto mdogo kama nusu saa, tunazimenya, tunapepeta maganda kwa ungo, halafu tunazitwanga zingali za moto. Karibu nusu ya mbegu ya kakao ni mafuta, kwa hiyo kinu hakitoi unga, kinatoa uji mweusi mzito. Tunaongeza sukari iliyosagwa na kuendelea kutwanga mpaka mikono ichoke. Haing'ai kama ya dukani na ina chengachenga kidogo. Tena mafuta ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi kama 34 za joto, na mchana wa ufukweni kwetu hauko mbali sana na hapo. Basi tunachovya Jumamosi usiku, masinia yanalala sakafuni penye ubaridi, na watoto wanakula mara tu baada ya ibada ya alfajiri makaburini. Ukisubiri mpaka saa saba mchana utakula kwa kijiko.

Mtoto wa Kyela anakua chini ya mikakao. Amepasua matunda, amenyonya ute mweupe mtamu unaozunguka mbegu, amefukuza kuku kwenye vichanja, amekimbia kufunika mbegu mvua inaposhuka kutoka milima ya Livingstone. Wilaya hii ndiyo inayoongoza kwa kakao Tanzania. Lakini mwulize mtoto huyo mbegu zinakwenda kuwa nini, atakujibu kwamba zinauzwa. Jibu lake linaishia hapo. Torati ilikataza kumfunga kinywa ng'ombe anayepura nafaka, na Paulo akaikumbusha amri hiyo mara mbili katika nyaraka zake. Sisi tunafundisha amri hiyo darasani huku mpuraji mwenyewe ameketi kwenye benchi na hajui ladha ya anachokipura.

Kuhusu Uzungu, jibu ni fupi. Mkakao asili yake ni Amerika, kwa watu walioulima na kuunywa kabla Mzungu hajaufahamu. Mahindi, mihogo na karanga vilitoka huko huko, na hatujamwona mzee aliyekataa ugali kwa sababu hiyo. Tunakiri kwamba Linnaeus, yule mtaalamu wa mimea wa Sweden, mwaka 1753 aliupa mti huu jina lenye maana ya chakula cha miungu, na kwa wingi huo wa miungu tuko tayari kumlaumu pamoja na wazee. Wala wazee si wa kwanza kukunja uso. Katika karne ya 17 mapadri wa Ulaya walibishana sana kama kinywaji cha chokoleti kinavunja mfungo, hadi mwaka 1662 Kardinali Brancaccio alipoandika kwamba kinywaji hakivunji. Kuhusu sungura na mayai ya Pasaka, hatuna habari navyo. Sungura hatumwelewi na hatumhitaji.

Na kuhusu utamu kumfunika Mfufuka, tunaomba Yohana 21 isomwe taratibu, hasa na sisi watu wa ziwani. Wavuvi wamekesha bila kupata kitu. Ufukweni Bwana aliyefufuka amewasha makaa, ameweka samaki na mkate, anawaita waje kula. Hakuanza na mahubiri. Petro aliulizwa lile swali gumu, mara tatu, baada ya kifungua kinywa. Kama Bwana hakuogopa kwamba samaki watamfunika, sisi hatuogopi kitonge.

Sasa tufike kwenye ugomvi wenyewe. Wapo wanaotupinga kwa upole, na hao ndio wanaotutia shaka zaidi. Wanatuambia: mnajichosha bure kwa kinu na chungu, katoni ipo. Ni kweli ipo. Pasaka ikikaribia hutokea mtu mwenye uwezo akaleta katoni ya chokoleti za dukani, zenye karatasi za kung'aa, zikagawiwa kwa watoto, na mtoaji akapigiwa makofi. Hatutataja jina, maana si mtu mmoja, na wengine ni wakarimu kweli kweli. Tunachokitaja ni njonjo.

Msomaji asiye wa huku aelezwe. Njonjo ni kumnunulia mkulima kakao yake ingali mtini, au ikiwa mbichi kwenye ndoo, kwa bei ya kutupa. Mama ana mtoto aliyelazwa, au ana msiba, au ni Januari na sare za shule hazijanunuliwa. Anakwenda kwa mwenye fedha, anapewa fedha leo, na mavuno yajayo yanaandikwa kwenye daftari kuwa si yake tena. Bei imekatwa siku ile ya shida, na siku ya shida mtu habishani bei. Akiuza mbichi kwa ndoo ni vilevile, maana kakao mbichi ikishavundikwa na kukauka hubaki chini ya nusu ya uzito wake, na mwenye ndoo hana mizani ya kumweleza amepoteza nini. Viongozi wa serikali wameikemea njonjo mara nyingi. Kuna vyama vya msingi vya wakulima, kuna mfumo wa stakabadhi ghalani, kuna minada. Njonjo bado ipo, kwa sababu mnada una siku zake na homa ya mtoto haingoji mnada.

Jumanne ya Juma Kuu mwaka 2024, tarehe 26 Machi, bei ya kakao katika soko la New York ilivuka dola 10,000 kwa tani kwa mara ya kwanza. Machi ya mwaka uliotangulia ilikuwa haijafika dola 3,000. Jumapili ile ile, tarehe 31, tulikuwa makaburini alfajiri tukitangaza kwamba Bwana amefufuka. Mkulima aliyekuwa na mzigo wake ghalani alianza kuhesabu mabati. Aliyekuwa ameshauza kwa njonjo aliwatazama wenzake wakihesabu. Wote wawili waliimba wimbo mmoja asubuhi ile, na aliyenunua njonjo naye alikuwapo, akiimba. Bei imeshuka sana tangu hapo, lakini hatujasikia kwamba njonjo nayo imeshuka.

Sisi Wamoraviani tuna neno moja kwa mambo mawili. Ushirika ni kanisa letu la mahali, na ushirika ni chama cha wakulima. Waliotuletea Injili Rungwe mwaka 1891 walitoka katika kanisa lililozoea karamu ya upendo tangu Herrnhut mwaka 1727, watu wakiketi pamoja na kula chakula kidogo, tajiri na maskini sawa. Mtu akiketi katika karamu ya namna hiyo na mjane, akamega mkate naye Alhamisi Kuu, kisha juma linalofuata akatuma vijana kuvuna shambani kwa mjane huyo kwa bei ya daftari, ameuvunja ushirika wote wawili kwa mkono mmoja. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwa ukali juu ya meza ambayo mmoja anashiba na mwingine ana njaa. Hakuwaambia walete katoni.

Atakayesema kwamba haya ni mambo ya biashara, kanisa liyaache, afungue Nehemia 5. Watu wameweka rehani mashamba na mizabibu yao kwa ndugu zao wenyewe ili wapate nafaka na walipe kodi ya mfalme. Nehemia hakuitisha maombi peke yake. Aliwaita wakopeshaji mbele ya mkutano, akawaambia warudishe mashamba na riba, akawaapisha mbele ya makuhani, akakung'uta nguo yake kuonyesha Mungu atakavyomkung'uta asiyetimiza. Mkutano ukasema amina. Hiyo ndiyo njonjo ya siku zile, na hilo ndilo kanisa la siku zile.

Na historia ya chokoleti ya Pasaka yenyewe haituruhusu kujifanya hatujui. Yai la kwanza la chokoleti Uingereza lilitengenezwa na kampuni ya Fry ya Bristol mwaka 1873, na Cadbury wakafuata mwaka 1875. Familia zote mbili zilikuwa Waquaker, Wakristo waliopinga utumwa, na Cadbury waliwajengea wafanyakazi wao nyumba nzuri. Lakini kakao waliyonunua, nyingi yake, ilitoka kisiwa cha São Tomé, ambako watu waliochukuliwa kutoka Angola walifanyishwa kazi mashambani na kwa kawaida hawakurudi kwao. Cadbury walianza kusikia habari hizo mwaka 1901. Wakaandika barua, wakatuma mchunguzi, wakazungumza na wakubwa wa Ureno, na muda wote huo waliendelea kununua. Waliacha mwaka 1909. Gazeti moja lilipowaita wanafiki walilishtaki, wakashinda kesi mwezi Desemba mwaka huo huo, na baraza la mahakama likawapa fidia ya robo ya peni, sarafu ndogo kuliko zote. Hatusemi kwamba walikuwa watu wabaya. Tunasema walikuwa watu wa sala, na iliwachukua miaka 8.

Mwenye njonjo ana jibu lake, na ni jibu zito. Husema: siku ile mtoto wa mama yule alipokuwa amelazwa, mimi ndiye niliyetoa fedha, kanisa lilitoa nini? Hatutaki jibu hilo lipuuzwe kwa mahubiri. Fedha ya dharura ni kitu cha kweli, na anayeitoa usiku hawezi kulinganishwa na anayetoa pole. Ila kukopesha ni jambo moja, na kuchukua mavuno ya mtu kwa robo ya thamani yake ni jambo jingine. Mwenye fedha anayetaka kusaidia aweke fedha hiyo kwenye mfuko wa ushirika, mama akope, apeleke kakao yake ghalani ikiwa kavu, na siku ya malipo arudishe kile kile alichokopa. Mwenye fedha atapata fedha yake. Atakachokosa ni faida ya njonjo, na kama bila faida hiyo hawezi kutoa, basi tusiite msaada.

Ndiyo maana hatutaki katoni, na ndiyo maana hatutaacha kinu. Kitonge chetu kinauliza swali ambalo chokoleti ya karatasi ya kung'aa haiulizi: mbegu hizi ni za nani? Paulo amemwita Kristo aliyefufuka limbuko lao waliolala, na mtoto wa mkulima anajua limbuko ni nini kabla hajajua kusoma. Tumeomba kila nyumba yenye mikakao ilete vikombe viwili vya mbegu kavu, malimbuko ya Pasaka, ziingie kwenye chungu kimoja. Nyumba nyingi zimekubali. Lakini wapo akina mama watatu, wenye mashamba yao wenyewe yenye mikakao inayozaa, waliotujia kwa aibu kusema hawana hata kikombe kimoja cha kuleta, kwa sababu matunda yaliyoko mtini yameshaandikwa.

Kwa hao watatu hatutajaza vikombe kutoka nyumba nyingine ili mambo yaonekane sawa. Vikombe vyao vitakaa mezani vitupu asubuhi ya Pasaka, pembeni ya masinia, na mtoto akiuliza ataelezwa. Tumemwomba mchungaji asome Nehemia 5 Jumapili ya Matawi, yote, bila kuruka. Na waandikaji tunawaomba, kabla hawajaenda dukani kununua katoni, wafute mistari mitatu.

Mbegu zinapokelewa nyumba ya mchungaji mpaka Jumatano ya Juma Kuu. Madaftari pia.