Ligi Yetu Imefungiwa Kwa Dikoda

Mkataba wa televisheni Kenya huwa na sherehe moja tu, ile ya kusaini. Wakubwa wa shirikisho wanacheka na kamera, mtu anataja mamilioni, na kesho yake kila mtu anaandika mamilioni. Swali ambalo shabiki wa Shabana kule Kisii angeuliza kwanza haliulizwi: sasa mechi nitaionea wapi?

Nitasema bila kuzunguka. Ligi ndogo haiwezi kuishi kwa kuuza haki za matangazo kama inavyofanya Ligi Kuu ya Uingereza, na kujifanya kwamba inaweza ndiko kumetuweka gizani. Uingereza inauza mechi ambazo dunia nzima tayari inazililia. Sisi tunauza mechi ambazo jirani wa uwanja hajui kama zinachezwa. Mtu haanzi kwa kutoza kiingilio kwenye duka ambalo hakuna anayelijua.

Historia yenyewe tunaijua, ila tunapenda kuisahau. SuperSport ilikaa na ligi kuu karibu miaka kumi. Kama kwenu hamkuwa na DStv ulikuwa unasimuliwa tu, lakini haki yao tuwape: kamera zilifika uwanjani, na pesa zilifika kwa klabu. Kisha wakubwa wakaanza kuvutana kuhusu idadi ya timu. Ligi ikatanuliwa kutoka timu 16 hadi 18, SuperSport ikasema mkataba umekiukwa, na Aprili 2017, msimu ukiendelea, ikafunga virago. Vita vya ofisini, na aliyeumia ni beki wa kushoto aliyekuwa akisubiri mshahara.

2020 ikaja StarTimes. Miaka saba, shilingi milioni 110 kila mwaka. Mkataba haukufika hata nusu ya safari. Katikati ya hayo serikali iliuvunja uongozi wa shirikisho, na Februari 2022 FIFA ikatufungia nje ya soka ya dunia. 2023 tukasaini na Azam, miaka saba tena. Umeona mtindo? Mnunuzi mmoja, dikoda moja, miaka mingi, na pesa zote zinapitia mlango mmoja. Na kila mara shabiki anaambiwa akanunue dikoda nyingine. Kuna sebule huku Eastlands zenye dikoda tatu juu ya kabati, na hakuna hata moja iliyolipiwa.

Hapa ndipo mtu hunikatiza: na Bongo je? Si Azam imewafaa? Imewafaa sana. Mwaka 2021 Azam ilisaini na shirikisho la Tanzania mkataba wa miaka kumi wa shilingi za kule bilioni 225.6, na ligi yao sasa tunaitazama hata sisi. Lakini angalia ni nani aliyenunua. Ni kampuni ya nyumbani, ambayo wenyewe wana timu, Azam FC, kwenye ligi hiyo hiyo. Ligi ikifa, wanakufa nayo. Tena walikuwa wameizoea ligi hiyo kwa miaka kadhaa kabla ya hizo bilioni. Sisi tulinakili saini tukaacha sababu iliyoifanya saini hiyo iwe na maana. Mnunuzi ambaye hana cha kupoteza kwako ataondoka siku mambo yakiharibika, na FKF mambo huharibika, msinidanganye.

Wa pili naye atasema, wacha ujinga, hakuna mtu anataka kutazama ligi ya Kenya. Kwani Agosti 2025 ulikuwa wapi? CHAN ni mashindano ya wachezaji wa ligi za nyumbani pekee. Hakuna staa wa Ulaya aliyeruhusiwa. Harambee Stars ya vijana wa Gor, Tusker na Police ikaifunga DR Congo, ikaifunga Morocco, ikaifunga Zambia, na Kasarani ikafurika hadi CAF ikapunguza idadi ya mashabiki kwa sababu ya waliojipenyeza bila tiketi. Watu walivunja sheria ili wawaone wachezaji ambao wiki nyingine hucheza mbele ya viti vitupu. Kwa hiyo si kwamba hatuwataki. Hatuwajui.

Na kutojulikana kuna bei. Ryan Ogam wa Tusker aliwafunga Morocco na Zambia mbele ya kamera za bara zima, na mwaka huo huo akasajiliwa na Wolfsberger ya Austria. Michael Olunga alikuwa kwenye Gor ile ya 2015 iliyochukua ubingwa bila kupoteza mechi, mechi zikiwa kwenye televisheni. 2016 akaenda Djurgården ya Sweden. Kipaji kilikuwa chao, sikatai. Lakini kocha wa kigeni hasajili mtu kwa uvumi. Mchezaji asiye na video ana nini cha kumtumia wakala? Picha ya WhatsApp akiwa amebeba mpira? Kwa wanawake ni mbaya zaidi. Vihiga Queens walikuwa wawakilishi wa ukanda wetu kwenye Ligi ya Mabingwa ya kwanza kabisa ya wanawake Afrika, mwaka 2021 kule Misri. Taja mechi moja yao ya ligi ya nyumbani uliyoiona. Nasubiri.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha: mechi isiyoonekana ni rahisi kuuzwa. 2021 Zoo ya Kericho iliondolewa kwenye ligi kwa amri ya FIFA, kwa kupanga matokeo. Penalti ya ajabu dakika ya 88 ikitokea mbele ya watu elfu hamsini mtandaoni, kabla ya jioni kuna meme mia na maswali mia mbili. Ikitokea mbele ya watu arobaini na mbuzi wawili, inabaki kwenye ripoti ya refa, na mcheza kamari aliye mbali ameshalipwa. Kamera haimfanyi mtu kuwa mwaminifu. Inamfanya afikirie mara mbili.

Kwa hivyo mkataba ujao uandikwe kinyume. Mnunuzi apewe mechi anazozionyesha, basi. Mechi asiyoirusha irudi kwa klabu mwenyeji siku hiyo hiyo, iiweke YouTube na iweke matangazo ya duka la mtaani ikitaka. Mechi moja kila wiki iwe ya bure KBC, na derby ya Mashemeji iwe mojawapo bila mjadala. Video zote zibaki mali ya klabu hata mnunuzi akitoroka. Na fungu la klabu liende kwenye akaunti ya klabu, lisipitie kwa mtu "kushikiwa". Ukiona mechi iko mtandaoni leo usishangilie bado; uliza imeandikwa wapi kwamba kesho itakuwepo.

Nani atalipia kamera? Nilijua mtauliza. Magari yale makubwa ya matangazo ni ghali, kweli. Lakini hii nchi imejaa vijana wanaorekodi harusi, mazishi na kongamano za makanisa kwa kamera tatu na laptop, sauti safi, moja kwa moja. Wape mechi ya Bukhungu. Mwanzoni picha itatetemeka. Mdhamini wa jezi atalipa zaidi kwa picha inayotetemeka ambayo watu wanaiona kuliko ile nzuri iliyofungiwa.

Klabu za ligi kuu zina kura kwenye mkutano mkuu wa FKF. Mwenyekiti wa timu yako atainua mkono. Muulize sasa, kabla hajaalikwa kwenye meza ya kusaini, mechi za nyumbani zitaonekana wapi dikoda ikikatwa. Akisema "tunalifanyia kazi", mwambie tarehe.