Mchoro Nao ni Jasho la Mfanyakazi



Wako watu wanaodhani kazi ni ile tu inayoanza kwa king'ora. Mbeba saruji ni mfanyakazi, mchuma chai ni mfanyakazi, lakini yule anayekaa nyuma ya nyumba yake akichonga kibao ili apige chapa ya ndege juu ya kadi au kitambaa cha meza, huyo wanasema anacheza. Mawazo hayo ni ya makosa, nayo yanamnufaisha mlanguzi peke yake.

Sote wa Kiyeyi, na wa kote kati ya Tororo na Busia, tunajua maisha ya kibarua cha msimu. Msimu ukiisha, unarudi nyumbani na mikono mitupu. Mwenye kipawa cha kuchora hutafuta kipande cha mbao laini au linoliamu, akachonga mafunjo ya kinamasi, korongo mwenye taji, jani la mgomba, au ule mwamba wa Tororo. Hupaka wino kwa rola, huweka karatasi juu, kisha hukandamiza kwa mgongo wa kijiko. Si kazi ya mchezo. Kila kitu huchongwa kinyume, hata maandishi, na kisu kikiteleza mara moja kibao kimeharibika. Kutokana na kibao hicho hutoka kadi, picha za ukutani, foronya na mapazia.

Basi natuhesabu pamoja, maana mfanyakazi asiyehesabu huhesabiwa na mwingine. Tuseme umetengeneza kadi 40. Karatasi na bahasha shilingi 800 za Kenya, wino 300, nauli 200. Jumla ni 1,300. Kuchonga saa 6, kupiga chapa saa 4, kukausha na kukunja saa 2. Jumla ni saa 12. Mlanguzi anakupa shilingi 50 kwa kila kadi, yaani 2,000. Toa gharama, zimebaki 700. Gawanya kwa saa 12: umelipwa shilingi 58 kwa saa, na bado hujahesabu kisu wala rola. Wengi wetu tungekataa mshahara huo mezani kwa mwajiri. Mbona tunaukubali sokoni?

Lakini hasara kubwa haiko kwenye bei ya kadi. Iko kwenye mchoro wenyewe. Mlanguzi akisema, "Nichoree korongo, nami nitakulipa," nawe ukapokea pesa bila maandishi, jua umetoa zaidi ya karatasi. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, na ile ya Uganda ya mwaka 2006, zote mbili zinasema jambo moja: kazi ya sanaa iliyoagizwa na mtu, au iliyofanywa katika ajira, haki yake humwendea aliyeagiza au mwajiri, isipokuwa kama kuna mapatano mengine. Maneno hayo ya mwisho ndiyo mlango wetu. Bila mapatano, mwenzako atapiga chapa elfu kwa mchoro wako, nawe huna la kudai. Lakini mchoro uliouchora kwa hiari yako, kwa wakati wako, ni wako tangu siku ulipoumaliza. Uza kadi, usiuze kibao.

Tazameni kanga. Tangu zamani imejaa vitu vya asili: korosho, mananasi, jogoo, maua. Pembeni mwa kanga nyingi za Mombasa limechapwa jina la duka, kama lile la Kaderdina lililoanzishwa mwaka 1887, ambalo nguo zake hujulikana kwa maneno "Mali ya Abdulla". Mwenye duka alijua faida ya kuweka alama yake. Lakini mchoraji wa lile ua, nani anamjua? Silaumu duka. Nasema sisi nasi tujifunze kuandika majina yetu. Piga sahihi chini ya kila picha kwa penseli, na uandike namba yake, ya kwanza kati ya 20, ya pili kati ya 20, ili mnunuzi ajue zimetoka ngapi na zimetoka kwa nani.

Tazameni pia Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga kabla ya kwenda Dar es Salaam. Alikuwa mtu wa tabaka letu kabisa. Alichora ndege na wanyama juu ya mbao za hadibodi kwa rangi ya baiskeli, na watu wakanunua. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafa. Leo mtindo wake unauzwa kutoka Unguja hadi Nairobi. Sheria hailindi mtindo, wala hakuna mwenye kumiliki twiga. Inalinda picha ile uliyoichora wewe. Kwa hiyo wanafunzi na jamaa zake walifanya la busara: walijiunga pamoja, na mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika. Mmoja mmoja wangemezwa.

Sasa nafika kwenye jambo ninalotaka mlibishanie matawini. Nasema chama chetu kiwafungulie mlango wachongaji na wapiga chapa hawa. Najua wako wenzetu watakaopinga, "Chama ni cha wenye mwajiri. Hawa watagoma dhidi ya nani?" Swali hilo si jipya. Huko Ahmedabad, India, wanawake wa kazi za mikono walipotaka kuandikisha chama cha SEWA mwaka 1972, ofisi ya kazi iliwakatalia kwa sababu hiyo hiyo. Wakajibu kwamba chama si cha kupigana na mwajiri tu, ni cha kuwaunganisha wafanyakazi. Wakaandikishwa mwaka huo huo. Nacho kilizaliwa ndani ya chama cha wafanyakazi wa viwanda vya nguo! Hapa Uganda chama cha ATGWU kimewapokea waendesha bodaboda. Kama mwenye pikipiki ana nafasi, mwenye kisu cha kuchongea amekosa nini?

Tukiwapokea, kazi ziko tatu. Ya kwanza, tuwaandikie mkataba mfupi wa kurasa moja, kwa Kiswahili, unaosema kwamba mchoro unabaki kuwa mali ya mchoraji hata kama umeagizwa. Ya pili, kwa wenzetu walioajiriwa viwandani kuchora, tudai kifungu katika mkataba wa pamoja kwamba mchoro ukichapwa tena, mchoraji analipwa tena. Ya tatu, tuwasaidie kuuza pamoja. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilizinduliwa mwaka 2018, na utaratibu rahisi wa biashara wa Afrika Mashariki unamruhusu mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 kuvuka kwa cheti chepesi cha asili ya bidhaa, ikiwa bidhaa yake imo katika orodha. Mwakilishi wa tawi aende akaulize orodha hiyo, aibandike ubaoni. Mtu asiyejua haki yake ndiye anayepitia njia za panya na kutoa chai kwa kila anayemsimamisha.

Ndugu zangu, shoka na jembe tumezoea kuviita vyombo vya kazi. Kisu kidogo cha mchongaji nacho ni chombo cha kazi. Anayekishika anauza nguvu yake kama sisi, na ananyonywa kama sisi. Jambo hili lipelekwe kwenye mkutano ujao wa kila tawi, lipigiwe kura.

Umoja ni nguvu.