Filbert Bayi na Gharama ya Haki

Huko ng'ambo wapo waliopiga makasia katika Michezo ya Olimpiki na baadaye wakaketi katika kiti cha jaji. Sisi wa Idodi makasia hatuyashindanii, lakini nchi yetu inaye mwanariadha ambaye haki ilimpitia kwa namna nyingine.

Februari 2, 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi alitangulia tangu bastola ilipolia, akamaliza mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. Aliyemfuata alikuwa John Walker, mwana wa nchi ile ile. Mei 1975 Bayi akavunja na rekodi ya maili, huko Kingston, Jamaika. Walimwengu wakangoja wawili hao wakutane Montreal mwaka 1976.

Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na mataifa mengi ya Afrika, Tanzania ikiwamo, yakaisusia Olimpiki kwa kuwa New Zealand haikuondolewa. Walker akatwaa dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 39.2.

Twasema wazi kwamba uamuzi ule ulikuwa wa haki. Nchi iliyowahifadhi wapigania uhuru wa ANC pale Morogoro ingewezaje kufanya vingine? Lakini waliokata shauri hawakupoteza medali. Aliyepoteza ni mkimbiaji. Nasi vijijini twafanya hivyo hivyo: barabara ni ya wote, shamba linalokatwa ni la mjane mmoja, na barabara ikiisha hakuna anayemtaja. Barabara na ipite, ila mjane afidiwe, tena ashukuriwe hadharani.

Mwaka 1980, huko Moscow, Bayi alipata medali ya fedha katika mita 3000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui fedha ya mita 5000. Hadi Michezo ya Paris ya mwaka 2024, Tanzania haikuwa imepata nyingine. Baadaye Bayi na mkewe Anna walianzisha shule zinazobeba jina lake, Kibaha ikiwa mojawapo ya mahali zilipo, naye akawa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania kwa miaka mingi. Watoto wetu hufundishwa kwamba Tanzania ilisusia Montreal. Ni wangapi wameambiwa ni nani aliyebaki nyumbani?